Uzi: Nianze na manyuali au oto? Msaada kwa anayejifunza gari

#1 Mgeni wa Usukani

Wakuu, salamu. Naanza mafunzo ya udereva hapa Dar, leseni daraja D, ya magari madogo. Chuo kina magari ya manyuali (gia unabadilisha kwa mkono) na ya oto (gia zinajibadilisha zenyewe), mwanafunzi anachagua. Gari la nyumbani litakuwa Toyota IST ya zamani, oto, ambayo bado sijailipia. Kazini kuna Hilux ya dizeli, manyuali, ambayo huenda nikakabidhiwa.

Maswali yangu: nianze na ipi? Ugumu wa klachi hasa uko wapi? Na oto ina nini cha kujifunza zaidi ya kuweka D (ya kwenda mbele) na kukanyaga mafuta?

Naomba ufundi. Ile ya "mwanaume haendeshi oto" tumeshaisikia.

#2 Mwalimu wa L

Anza na manyuali, na sababu ni hiyo Hilux, basi. Isingekuwepo ningekwambia kajifunze oto vizuri uendelee na maisha.

Daraja D la kwetu halitenganishi aina ya gia. Mtu aliyejifunza kwa oto tupu anapata leseni ileile, kesho anapewa funguo za pikapu ya ofisi na sheria haimzuii. Kenya wana daraja la gari dogo la oto pekee. Uingereza ukifanyia mtihani kwenye oto leseni yako inawekewa msimbo 78, na manyuali huigusi mpaka ufanye mtihani mwingine. Ujerumani tangu Aprili 2021 unaweza kufanyia mtihani kwenye oto ukaruhusiwa zote mbili, ila lazima uwe na masomo yasiyopungua 10 ya manyuali na shule ikupime kwa dakika 15. Hapa kwetu kazi ya kujichuja umeachiwa mwenyewe.

Sasa klachi. Ni sahani iliyobanwa kati ya flaiwili ya injini (gurudumu zito linalozunguka na injini) na presha pleti (bamba la springi linaloibana). Ukikanyaga pedali, sahani inaachiwa na injini inazunguka peke yake. Ukiachia, inabanwa na magurudumu yanaungana na injini. Katikati kuna eneo dogo, sentimita moja au mbili za mwendo wa pedali, ambapo sahani inateleza huku inashika. Wengi wanaiita nusu klachi. Ugumu wote uko hapo. Kubadilisha gia ni kazi ya siku moja.

Zoezi la kwanza lifanyie uwanja tambarare, AC imezimwa. Kanyaga klachi mpaka mwisho, ingiza gia namba moja, shusha hendibreki, mguu wa kulia ukae juu ya breki bila kuikandamiza. Mafuta usiguse kabisa. Achia klachi polepole huku kisigino kimegusa sakafu. Injini ya petroli iliyotulia huzunguka kama mara 700 hadi 850 kwa dakika. Ukiona mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) umeshuka kidogo na sauti imekuwa nzito, gandisha mguu hapohapo. Gari litaanza kutambaa lenyewe. Tambaa mita 3, klachi chini, breki. Rudia mara 20. Kwenye dizeli ni rahisi zaidi maana ina nguvu hata injini ikiwa inazunguka taratibu.

Walimu wengi wanaruka zoezi hili, wanaanza na "kanyaga mafuta, achia klachi". Mwanafunzi anajifunza kufunika kosa la mguu wa kushoto kwa kelele za mguu wa kulia.

#3 Fundi Giaboksi

Na hizo kelele ndizo zinazotupa sisi kazi.

Klachi inaunguzwa na tofauti ya mzunguko. Injini inazunguka 3,000, sahani bado iko 500, hapo katikati ni msuguano mtupu. Sekunde mbili si neno. Sekunde kumi ukiwa mlimani na mzigo, unasikia harufu kama ya karatasi au mpira unaoungua. Ukiisikia, simama pembeni, weka nyutro (gia huru), toa mguu kwenye klachi, iache ipoe dakika 10 au 15. Usiendelee kulazimisha, uso wa sahani unakuwa kama kioo na hautashika tena vizuri hata ukipoa.

Makosa matatu yanaua klachi kuliko mwendo wa gari lenyewe: kushikilia gari mlimani kwa nusu klachi badala ya breki, kuondoka na gia namba mbili, na kuegesha mguu juu ya pedali wakati wa safari. Hili la tatu watu hawaliamini. Uzito wa mguu tu unatosha kuifanya rilizi bearing (bearing inayosukumwa na pedali kuachia klachi) iguse presha pleti muda wote, na sahani ianze kuteleza kidogo kidogo. Kushoto kwa pedali kuna sehemu ya kuweka mguu, itumie.

Kwenye magari mengi madogo ya Toyota mchezo wa pedali kabla klachi haijaanza kufanya kazi ni milimita 5 hadi 15, unausikia kwa kusukuma kwa kidole. Ukiwa haupo kabisa, ni sawa na kuendesha umeegesha mguu.

#4 Mgeni wa Usukani

Nimeelewa. Gari likizima katikati ya barabara nifanye nini kwa mpangilio? Na nitajuaje muda wa kubadilisha gia bila kuangalia chini?

#5 Mwalimu wa L

Likizima: miguu yote miwili chini, klachi na breki pamoja. Washa taa za hatari. Gia irudi nyutro, itikise kushoto kulia uhakikishe iko huru, washa injini ukiwa bado umekanyaga klachi, ingiza namba moja, angalia vioo, ondoka. Ukizoea ni sekunde 5. Watu wanaogopa honi wanasahau klachi, wanageuza ufunguo gari likiwa ndani ya gia, linaruka mbele na kugonga.

Kabla ya kuondoka tena jiulize kwa nini limezima. Mara nyingi uliachia klachi haraka. Lakini pia huenda uliingiza namba tatu ukidhani ni moja, au hendibreki iko juu, au AC imekula nguvu na hukuongeza mafuta kidogo.

Gia kwa gari dogo la petroli: namba moja ni ya kuondokea tu, ikifika 15 km/h mpe mbili, tatu kwenye 30, nne kwenye 45 hivi, tano kuanzia 60 au 65. Ndani ya makazi ambako mwisho ni 50 km/h, tano haina kazi. Ukipenda kutumia sikio, petroli ibadilishe kwenye 2,000 hadi 2,500, dizeli kabla kidogo, 1,800 hadi 2,200. Injini ikitetemeka na kugongagonga, gia ni kubwa mno, rudi chini. Ikipiga kelele bila kuongeza kasi, panda.

Mkono: usiikamate leva kama mpini wa jembe. Kiganja wazi. Kutoka mbili kwenda tatu sukuma mbele tu, springi itaipeleka leva katikati yenyewe. Wanaoibana kwa nguvu ndio wanaoingiza namba moja wakati wanataka tatu.

#6 Pwani ya Likoni

Mmesahau mlima, na mlima ndio mtihani wenyewe. Sisi huku Mombasa mwalimu wetu ni ule mlima wa kutoka feri Likoni: gari mbele, gari nyuma, watu wanapita ubavuni na mikokoteni, na foleni inasogea nusu mita nusu mita. Nyinyi mna pantoni ya Kigamboni, ni mambo yaleyale.

Njia ya hendibreki: vuta hendibreki mpaka gari ishike yenyewe, toa mguu kwenye breki. Klachi chini, gia ya kwanza. Ongeza mafuta mpaka 1,500 hivi na uishikilie sauti hiyo bila kupanda wala kushuka. Inua klachi hadi boneti inyanyuke kidogo na sauti iwe nzito. Hapo simamisha miguu yote miwili. Shusha hendibreki. Gari itabaki pale pale ilipo, haiendi mbele wala nyuma. Ndipo unaongeza mafuta na kuachia klachi taratibu.

Kosa la wanafunzi wote ni kushusha hendibreki na kuachia klachi kwa pamoja. Ni vitu viwili, na baina yake kuna pumzi moja.

Gari iliyo mbele yako mlimani, usiisogelee. Ukiwa umekaa kwenye kiti lazima uone matairi yake ya nyuma yakigusa lami. Ikirudi nyuma, una nafasi.

#7 Foleni ya Ubungo

Haya yote sawa, lakini mnamtisha mtu bure. Dar unakaa saa nzima kwenye foleni, klachi mara 300, ya nini? Anunue oto yake, aweke D, mchezo umeisha.

#8 Mwalimu wa L

Huo "mchezo umeisha" ndio unaoingiza watu na gari dukani kupitia kioo cha mbele cha duka.

Manyuali ukikosea gari linazima. Oto ukikosea gari linakwenda. D imewekwa, hujagusa mafuta, gari linatambaa lenyewe. Mtu anashtuka, anataka breki, mguu unatua kwenye mafuta, gari linaruka, anashtuka zaidi, anakandamiza zaidi akiamini ni breki. Haya hutokea hasa kwenye maegesho na geti la nyumbani, shingo imegeuzwa nyuma na mwili umepinda, mguu umehama bila mwenyewe kujua.

Kwa hiyo kwenye oto zoezi la kwanza ni mguu. Kisigino cha kulia kikae sakafuni usawa wa breki. Kwenda kwenye mafuta unazungusha nyayo tu kwa nje, kisigino hakihami. Mguu wa kushoto haufanyi kazi yoyote, uweke pembeni kabisa. Aliyezoea manyuali ndiye anayejisahau hapa: anataka kukanyaga klachi, anakanyaga breki kwa nguvu ya klachi, aliye nyuma anamgonga.

Zoezi la pili: endesha kwa breki tupu. Tambaa kwenye D, ingia maegesho, toka, rudi nyuma kwa R, mafuta usiguse hata mara moja. Asilimia kubwa ya kuegesha gari la oto haihitaji mafuta kabisa.

#9 Fundi Giaboksi

Nami niongezee upande wa chuma.

P (herufi ya kuegeshea) si hendibreki. Ndani ya giaboksi kuna kijino kidogo cha chuma kinachoingia kwenye gurudumu lenye meno na kulizuia. Ukiegesha mteremkoni ukaweka P halafu ukaachia breki, uzito wote wa gari unalala kwenye kijino hicho, asubuhi unavuta leva inatoka na mlio wa "tako!". Utaratibu sahihi: breki ya mguu, weka N (nyutro), vuta hendibreki, achia breki ya mguu gari lilale kwenye hendibreki, kisha kanyaga tena na uweke P. Kijino kinabaki mlinzi tu.

Kutoka D kwenda R, gari lisimame kabisa kwanza. Asubuhi injini ikiwa ya baridi na inazunguka 1,500, subiri ishuke kabla hujaweka D.

Haidroliki, yaani oili ya giaboksi ya oto (ATF): IST ya kizazi cha kwanza ina giaboksi ya gia nne na inatumia ATF T-IV. Nyingi za kizazi cha pili zina CVT, nayo ina oili yake kabisa. Kwenye CVT nguvu inapita kwenye mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na oili ndiyo inayoamua mkanda ushike au uteleze. Ukiweka ATF ya kawaida kwenye CVT, gari litaanza kutetemeka likiondoka, na ukiendelea umenunua giaboksi. Soma maandishi kwenye stiki (fimbo ya kupimia oili) au kitabu cha gari, usikubali "hii inaingia zote".

Kupima ile ya stiki: gari liwe limetembea mpaka limepata moto, mahali tambarare, injini inawaka. Umekanyaga breki, pitisha leva P mpaka L na kurudi P, ukikaa kidogo kila herufi. Chomoa stiki, futa, rudisha, chomoa tena, soma alama ya HOT. Nyekundu inayopitisha mwanga ni nzima. Kahawia yenye harufu ya kuungua, kuna sahani ndani zinateketea. Ukifungua nati ya chini inatoka kama lita 3 tu, nyingine inabaki kwenye toki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), kwa hiyo kumwaga mara moja hakubadilishi oili yote. Kwa joto na foleni zetu kila kilomita 40,000 ni busara.

#10 Dereva wa Kitonga

Niruhusuni niseme kuhusu kushuka, maana huko ndiko oto na manyuali zinakutana.

Kitonga, Sekenke, barabara ya Lushoto: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Ukishuka na D tupu au na gia ya tano, injini haikushikilii, kazi yote inaangukia breki. Breki inageuza mwendo kuwa joto. Maji ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu yanachemka karibu na 140. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, pedali inakwenda mpaka sakafuni na gari halisimami. Kabla ya hapo utasikia harufu na pedali itakuwa laini. Ukiona hivyo shusha gia upesi na utafute pa kusimama, usingoje kona inayofuata.

Oto ya herufi P R N D 2 L: kabla mteremko haujaanza, zima O/D (gia ya juu kabisa) kwa kitufe cha kwenye leva. Ukiona bado linaongeza kasi, punguza kwa breki hadi kama 40 km/h halafu weka 2. L ni ya mteremko mkali sana na mwendo wa kutembea. CVT nyingi zina S au B, kazi yake ni hiyohiyo. Breki piga kwa vipindi: kandamiza sawasawa ushushe mwendo, achia kabisa ipoe, halafu tena. Ile ya kuegesha mguu juu ya breki mlima mzima ndiyo inayopika.

Na nyutro mteremkoni "kuokoa mafuta", acheni. Injini ya EFI (inayopuliziwa mafuta kwa umeme) ukiwa ndani ya gia na hujakanyaga mafuta inakata mafuta yenyewe, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro inabidi ichome mafuta ili isizime. Yaani unapoteza breki ya injini na mafuta unayalipia palepale.

#11 Foleni ya Ubungo

Hii ya EFI sikuijua, nakubali. Swali: kwenye foleni ndefu niweke N au nibaki D?

#12 Fundi Giaboksi

Ukisimama chini ya dakika moja baki D na breki. Ikizidi, N na hendibreki. Kuhama D na N kila sekunde kumi ni kuzichosha sahani za ndani bila faida.

#13 Mgeni wa Usukani

Nimeamua: manyuali kwanza, kisha masomo machache ya oto kabla sijagusa IST. Mawili ya mwisho. Hiyo IST bado sijalipa, nitaikaguaje gia? Na Hilux niliyoijaribu inakwaruza nikiweka riversi, ni mimi au ni gari?

#14 Fundi Giaboksi

Riversi kwanza. Gia za mbele zina pete za shaba zinazosawazisha mzunguko kabla meno hayajakutana. Riversi kwenye giaboksi nyingi haina. Gari lisimame kabisa, klachi mpaka mwisho, hesabu mpaka tatu ndipo uweke. Bado inagoma? Ingiza namba moja kwanza, halafu riversi bila kuachia klachi. Ikikwaruza hata hapo, klachi haiachii vizuri: angalia kiwango cha maji ya klachi na kama silinda ya juu au ya chini inavuja.

Klachi ya manyuali inapimwa hivi: hendibreki juu, hakuna mtu mbele, gia ya tatu au nne, RPM 1,500, achia klachi taratibu. Injini ikizima papo hapo, sahani ni nzima. Ikiendelea kuzunguka, klachi imekwisha, piga hesabu ya sahani, presha pleti na rilizi bearing kwa pamoja. Pima mara moja tu, usirudierudie.

IST: gari likiwa la moto, umekanyaga breki, toa N weka D huku unahesabu. Mshtuko wa gia kushika uje ndani ya sekunde 1.2, N kwenda R ndani ya 1.5. Ikichelewa zaidi, ama haidroliki imepungua ama ndani kumechoka. Kisha barabarani ongeza mwendo polepole mpaka 70: inapobadilisha gia, RPM ishuke. Ikiruka juu kwanza ndipo ikashika, inateleza. Rudi nayo ikiwa imetembea nusu saa, maana nyingi zinajificha zikiwa za baridi.

#15 Pwani ya Likoni

Kaka, usisahau kumwambia kuhusu kusukuma. Hilux betri ikilala: suichi ON, klachi chini, gia ya pili, wasukume mpaka mwendo wa mtu anayekimbia, achia klachi kwa ghafla, ikiwaka kanyaga klachi tena upesi. Ile IST msisukume, mtajichosha. Pampu ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini haiwaki, hakuna presha, magurudumu hayawezi kuizungusha. Hiyo ni nyaya za kushtulia tu.

#16 Mwalimu wa L

Na betri ikifa kabisa leva ya IST haitatoka P hata ukanyage breki, kwa sababu kufuli lake linafunguliwa kwa umeme. Vuta hendibreki kwanza. Pembeni ya leva kuna kitufe au kifuniko kidogo kimeandikwa SHIFT LOCK. Kama ni kifuniko, kinyanyue kwa ncha ya ufunguo, bonyeza ndani, na huku umebonyeza vuta leva mpaka N. Mtu mwingine awe tayari kwenye usukani kabla hujashusha hendibreki, maana injini ikiwa imezima breki inakuwa ngumu na usukani ni mzito.